Lami au zege? Sheria ya Michigan inachoamua, na isichoamua

Kila ifikapo Machi, theluji ikianza kuyeyuka, barabara za jimbo la Michigan, Marekani, hufumuka mashimo na watu hufumuka maneno. Waswahili wa Grand Rapids na Lansing, wengi wao kutoka Kongo, nao hawabaki nyuma. Mmoja atakwambia kuna sheria ya jimbo inayoilazimisha serikali kununua vifaa vya bei ya chini, ndiyo maana barabara haziishi viraka. Mwingine atabisha kwamba sheria hiyohiyo imetungwa ili kampuni za saruji zipate ulaji. Wa tatu atauliza kwa nini wasijenge tu kama Wajerumani, mambo yakaisha.

Sheria ipo kweli. Ilipitishwa mwaka 1997, mwaka uleule ambao kodi ya petroli ya jimbo ilipandishwa kutoka senti 15 hadi 19 kwa galoni. Lakini haitaji lami, haitaji zege, wala haisemi popote kwamba kinachonunuliwa kiwe cha bei ya chini dukani. Inachodai ni hesabu ya namna fulani, na ugomvi wote umejificha ndani ya hesabu hiyo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Barabara ya lami ni kokoto na mchanga, karibu asilimia 95 kwa uzito, vilivyoshikamanishwa na gundi nyeusi inayobaki mafuta ghafi yakishasafishwa. Mchanganyiko hupikwa, humwagwa ukiwa moto, hushindiliwa, na magari yanaweza kupita siku hiyohiyo. Ni sakafu inayobonyea kidogo chini ya tairi kisha ikarudi, kwa hiyo nguvu yake inategemea sana msingi wa kifusi na kokoto ulio chini yake. Barabara ya zege ni saruji, kokoto, mchanga na maji, na kwa kawaida humwagwa kama mabamba mazito yenye viungo vilivyokatwa kwa msumeno ili ufa ukitokea, utokee pale ulipopangwa. Zege huhitaji siku za kukomaa kabla ya kubeba malori. Likishakomaa, bamba lenyewe hutawanya uzito juu ya eneo pana.

Kwa kawaida lami ni nafuu kuanza nayo, ila hudai kuparuliwa na kuwekewa tabaka jipya kila baada ya miaka kadhaa. Zege hugharimu zaidi mwanzoni, hukaa kimya muda mrefu, na siku likidai matengenezo, kazi huwa nzito. Nchini Marekani zaidi ya asilimia 90 ya barabara zilizosakafiwa zina lami juu, ingawa zege si jambo geni hata kidogo. Bellefontaine, Ohio, walisakafia mtaa kwa zege mwaka 1891. Mwaka 1909 kaunti ya Wayne ilijenga maili moja ya zege kwenye Woodward Avenue, Detroit, kwa takriban dola 13,500. (Bodi ya barabara ya kaunti hiyo, ilipoundwa mwaka 1906, ilikuwa na mjumbe aitwaye Henry Ford. Mtu mwenye magari ya kuuza alijua vizuri kwamba yanahitaji pa kupita.)

Sasa hesabu. Sheria inataka barabara ipimwe kwa gharama ya maisha yake yote, si kwa bei ya siku ya uzinduzi. Mtu wa Pwani aliyewahi kuezeka nyumba anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Makuti ni rahisi leo, lakini baada ya miaka michache utawaita mafundi tena, utanunua makuti mapya, na siku mbili tatu watoto watalala kwa jirani. Bati ni ghali leo, lakini unakaa. Ili ujue lipi nafuu hujumlishi bei ya dukani peke yake. Unaweka na mafundi wa miaka ijayo na usumbufu wa kuhama. Na zaidi ya hapo, unatazama bati za majirani zilivyokaa kwenye upepo wa chumvi, kwa sababu miaka ambayo bati imedumu Dodoma haikuhusu wewe wa Kilwa.

Sheria ya Michigan inasema karibu hayohayo kwa lugha ya wanasheria. Kila mradi wa Idara ya Uchukuzi ya jimbo, inayojulikana kama MDOT, ambao kazi yake ya kusakafia inazidi kiwango fulani cha fedha na una pesa ya jimbo ndani yake, lazima ufanyiwe hesabu ya gharama ya maisha yote. Kiwango hicho mwanzoni kilikuwa dola milioni 1. Baadaye kikapandishwa hadi milioni 1.5. Mradi ubuniwe na utolewe kwa kutumia aina ya sakafu yenye gharama ndogo zaidi kwa kipimo hicho. Halafu yanafuata masharti ambayo wasomaji wengi huyaruka.

La kwanza: zilinganishwe ramani zinazolingana. Huwezi kulinganisha zege la kubeba malori ya barabara kuu ya I-94 na lami ya mtaa wa nyumba, kisha ukatangaza mshindi. La pili: makadirio ya matengenezo yatoke kwenye kumbukumbu halisi za Michigan yenyewe, yaani barabara zake zilikarabatiwa lini na kwa bei gani, si kwenye kijitabu cha muuzaji. Hapa ndipo bati la Kilwa linapoingia. Michigan ina majira ambayo maji huganda usiku na kuyeyuka mchana, mara nyingi sana kwa mwaka, na juu yake inamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Takwimu za Arizona hazina kazi hapa. La tatu: ihesabiwe pia gharama anayoibeba mtumiaji wa barabara, hasa muda anaopoteza kwenye foleni wakati kazi inaendelea.

Wazo hili halikuzaliwa Michigan. Sheria kuu ya uchukuzi ya Marekani ya mwaka 1991 ilitaka majimbo yaizingatie gharama ya maisha yote. Mwaka 1995 Bunge la Marekani likakaza kamba: miradi ya barabara kuu za kitaifa ya dola milioni 25 na zaidi ifanyiwe hesabu hiyo kwa lazima. Mwaka 1998 likailegeza, lazima ikaondolewa, ukabaki ushauri. Ndiyo maana leo kila jimbo lina utaratibu wake, na Michigan ni miongoni mwa yaliyoliandika jambo hili kwenye sheria yake.

Mshindi hubadilika kwa tarakimu moja

Sehemu ngumu ni hii. Dola ya leo na dola ya miaka 24 ijayo hazina thamani sawa, hata ukiweka mfumuko wa bei kando. Dola uliyonayo leo inaweza kufanya kazi nyingine wakati huo wote. Kwa hiyo wahandisi hupunguza kila gharama ya baadaye kwa asilimia fulani kwa mwaka, ili zote zisomeke kwa thamani ya leo. Asilimia hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Chukua barabara mbili za kufikirika, zote zikitazamwa kwa miaka 35, kipindi ambacho wakala wa barabara kuu wa serikali ya Marekani umekuwa ukishauri kiwe cha chini kabisa kwa hesabu za aina hii. Ya lami inajengwa kwa dola milioni 10, inawekewa tabaka jipya la milioni 3 mwaka wa 12, na lingine la milioni 3 mwaka wa 24. Ya zege inajengwa kwa milioni 12.5 na kukarabatiwa viungo kwa milioni 1 mwaka wa 20. Namba ni za kwangu, zimechaguliwa ili jambo lionekane.

Ukijumlisha bila kupunguza chochote, lami ni milioni 16, zege milioni 13.5. Zege limeshinda kwa mbali. Punguza kwa asilimia 2 kwa mwaka: lami inakuwa karibu milioni 14.2, zege 13.2. Zege bado liko mbele. Punguza kwa asilimia 4: lami 13.04, zege 12.96. Hapo ni suluhu. Tofauti hiyo inaweza kumezwa na kosa dogo la makadirio ya kokoto. Panda hadi asilimia 5: lami 12.6, zege 12.9. Lami imeshinda.

Kokoto ni zilezile, malori ni yaleyale, theluji ni ileile. Kilichobadilika ni tarakimu moja kwenye jedwali, ambayo hakuna dereva hata mmoja atakayewahi kuiona. Mwaka 1998 wakala wa barabara kuu wa Marekani ulipendekeza asilimia 3 hadi 5, na ndani ya mpaka huo peke yake mfano wetu una washindi wawili tofauti. Ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani nayo hutoa viwango vyake kila mwaka, na miaka ambayo riba ilikuwa chini sana viwango hivyo vilishuka hadi karibu na sifuri, hali ambayo kwenye karatasi humpendelea anayelipisha zaidi mwanzoni.

Kwa hiyo ukiona vyama vya wenye viwanda vya lami na vya zege vikivutana juu ya asilimia, urefu wa kipindi, au mwaka ambao ukarabati wa kwanza utahesabiwa, usidhani ni ubishi wa wasomi. Sogeza tabaka jipya la kwanza la lami kutoka mwaka wa 12 hadi wa 15 na mradi mzima unaweza kuhama mkono. Sharti la kutumia kumbukumbu halisi liliwekwa kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu ndilo sharti bora kuliko yote katika sheria hii. Lina udhaifu mmoja: kumbukumbu zinaeleza jinsi barabara za zamani zilivyojengwa. Mtu akija na mchanganyiko mpya wa lami au namna mpya ya viungo vya zege, hana historia ya kuonyesha. Sheria ikabidi imwachie MDOT mlango mdogo wa kujenga vipande vya majaribio nje ya kanuni hiyo.

Kipande kimoja cha majaribio, kilichojengwa kabla ya sheria hii, kinajibu swali la Wajerumani. Mwaka 1993, kwenye I-75 katikati ya Detroit, MDOT ilijenga kiasi cha maili moja kwa mtindo wa Ulaya: zege la matabaka mawili juu ya msingi mnene. Gharama yake iliizidi kwa mbali ya barabara ya kawaida iliyojengwa jirani yake. Kila mtu anakubali kwamba ukimwaga pesa nyingi utapata barabara imara. Hesabu ya maisha yote inauliza kama uimara wa ziada unarudisha pesa ya ziada, ama ingekuwa heri pesa hiyo itengeneze maili nyingine mbili zinazooza. Hilo ndilo swali ambalo picha za barabara za Ujerumani mtandaoni hazijibu.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kubwa zaidi ni kuchanganya sheria hii na zabuni ya bei ya chini. Ni hatua mbili. Kwanza MDOT inachagua aina ya sakafu kwa hesabu ya maisha yote. Kisha inatangaza zabuni ya ramani hiyo, na makandarasi wanashindana kwa bei kujenga kitu kilekile chenye vipimo vilevile. Mkandarasi wa bei ya chini hapunguzi unene wa zege kwa kuwa tu ameshinda; akipunguza, huo ni wizi, na dawa yake ni wakaguzi, si sheria nyingine. Yapo majimbo yaliyounganisha hatua hizo mbili. Missouri ilianza kujaribu miaka ya 1990 kisha ikaifanya desturi: inachora barabara moja kwa namna mbili, lami na zege, na kuacha wakandarasi wa pande zote waingie ulingoni pamoja. Louisiana nayo iliongeza gharama ya matengenezo ya baadaye ndani ya bei inayolinganishwa. Faida ya njia hiyo ni kwamba soko la siku hiyo ndilo linalotaja bei ya lami, si makadirio ya mwaka jana, na bei ya lami hucheza na bei ya mafuta.

Jingine ni kuliangalia shimo na kusema "wamechagua vibaya". Shimo la Machi kwa kawaida ni kazi ya maji. Yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanatanuka na kuinua. Yanayeyuka, yanaacha uwazi chini. Lori linapita, kipande kinazama. Zege nalo huumwa hivyohivyo, ila kwenye viungo na kingo. Ufa uliozibwa Septemba usingefika huko, wala mtaro uliozibuliwa. Sakafu ya aina yoyote iliyokaa juu ya msingi uliolowa ina hatima moja.

La tatu ni malori. Michigan inaruhusu lori la hadi pauni 164,000, karibu tani 74, likiwa na ekseli 11 (mihimili inayoshika magurudumu), wakati kiwango cha kawaida cha barabara kuu za Marekani ni pauni 80,000, yaani kama tani 36. Ukisikia hivyo unasema basi, mchawi tumempata. Lakini sakafu haisikii uzito wa lori zima. Inasikia uzito wa ekseli moja baada ya nyingine. Jaribio kubwa la Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambapo wanajeshi waliendesha malori kwenye barabara za majaribio mchana na usiku, lilionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli ya tani 10 huumiza kiasi cha mara 16 ya ile ya tani 5, si mara 2. Sasa gawanya: 164,000 kwa ekseli 11 ni kama pauni 14,900 kila moja, 80,000 kwa ekseli 5 ni 16,000. Kwa sakafu, lile jitu la Michigan linaweza kuwa la upole kuliko lori la kawaida. Madaraja ni habari nyingine, na lori lililozidisha mzigo kwenye ekseli chache ni habari mbaya kuliko zote. Madereva wetu wa masafa marefu wanalijua hili kwenye mizani kuliko wanasiasa.

Pale hesabu inapokatika

Rudi kwenye mfano wangu. Lami ilishinda kwa asilimia 5 kwa sharti kwamba mwaka wa 12 milioni 3 zipo, na mwaka wa 24 zipo tena. Sheria ya 1997 inailazimisha MDOT ichague kana kwamba pesa hizo zitapatikana. Haimlazimishi mtu yeyote kuzitoa.

Na historia ya kuzitoa si ya kujivunia. Mei 2015 wapiga kura wa Michigan waliletewa pendekezo la kupandisha kodi kwa ajili ya barabara. Takriban asilimia 80 walikataa. Novemba mwaka huo bunge la jimbo likapitisha mpango mwingine, na kodi ya petroli ikapanda hadi senti 26.3 kuanzia 2017. Mwaka 2018 Gretchen Whitmer aligombea ugavana kwa kauli mbiu ya kuzitengeneza barabara hizo zilizolaaniwa, akashinda. Mwaka uliofuata akaomba senti 45 zaidi kwa galoni, bunge likamnyima, na Januari 2020 zikaidhinishwa hati za mkopo za dola bilioni 3.5. Mkopo ule ulilenga kujenga upya barabara kuu, na ulikuwa na maana, lakini ujenzi mpya ndio upande wa hesabu ambao huwa hauna shida ya kupata mfadhili wala mkasi wa kukata utepe. Tabaka la mwaka wa 12 halina utepe.

Barabara ya lami isiyowekewa tabaka kwa wakati haibaki kwenye mstari wa milioni 3. Maji yakifika kwenye msingi, unafukua kila kitu na kuanza upya. Kwa hiyo uamuzi uliokuwa sahihi kwenye karatasi unageuka kuwa wa hasara bila mhandisi kukosea hata tarakimu moja. Wapenda zege hutumia hoja hii: kama hamna nidhamu ya matengenezo, jengeni kitu kinachovumilia kusahauliwa. Ina uzito. Ila zege likisahauliwa nalo halisamehi. Viungo vilivyojaa mchanga na chumvi hubomoka, na kubadilisha bamba zima si kazi ya usiku mmoja.

Afrika Mashariki hoja hii ina ladha yake. Njia za mwendokasi za Dar es Salaam, zile za awamu ya kwanza kutoka Kimara, ni za zege, na Nairobi ina Mbagathi Way. Tanzania inachoma saruji yake yenyewe Wazo na Tanga, ilhali lami ya kujengea barabara inaagizwa kutoka nje kwa dola. Hakuna barafu ya kupasua, lakini kuna mvua za masika na malori yanayozidisha mzigo. Mtu akitaka kuiga sheria ya Michigan, achukue lile sharti la kumbukumbu za mahali penyewe, kwa sababu majibu ya hesabu hayatafanana.

Kwa wanaoishi Michigan, liko jambo la kujua kabla ya kupiga simu kulalamikia shimo. Sheria hii inaigusa MDOT na miradi yake mikubwa. Barabara za MDOT ni zile ambazo kibao chake kina herufi M, US au I kabla ya namba, na hizo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya maili zote za barabara za umma za jimbo, ingawa ndizo zenye magari mengi. Nyingine ziko mikononi mwa kaunti 83, miji na vijiji, na huko kila ofisi ina bajeti yake na namna yake ya kuchagua. Shimo lililo mbele ya nyumba yako karibu hakika halikupitia hesabu yoyote kati ya hizi. La barabara ya kaunti lipelekwe kwenye ofisi ya barabara ya kaunti, la mtaa wa mjini kwa manispaa. Ukimpigia mtu wa MDOT atakuelekeza hukohuko.